Bomba la Bafuni kwa Mama

Nyumba ya mama yangu, Nachingwea, ni ya zamani, ya kuta nene, na bafuni kuna sinki la kuogea la chuma ambalo mtu mzima analala akanyooka. Tangu nyonga zimshinde, mama hawezi kuoga amesimama. Namnyanyua, namkalisha humo, maji ya moto yanamfika kiunoni, na kwa muda mfupi maumivu yanampa nafasi. Kwa hiyo bomba la maji machafu lilipoanza kuvuja chini ya sinki, likalowesha ukuta hadi chumbani kwake, mimi niliona bomba la kutengeneza. Kaka yangu aliona kiwanja cha kuuza.

Kaka anaishi Ruangwa, kwenye nyumba mpya yenye vigae mpaka jikoni. Alisema nyumba imeoza, mama ahamie kwake.

"Huko ntakaa chumba cha wageni," mama akamjibu. "Mie si mgeni."

Kaka akacheka, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Kicheko kile kinaniudhi hadi leo.

Nikaita fundi. Alimulika kwa simu, akaniuliza kaka anasemaje. Nikamwambia kaka haogi hapa. Hata hivyo akatoka nje kumpigia, akarudi anatazama chini.

"Dada, kaka yako kasema tusiguse. Jumamosi analeta mnunuzi."

Nilimwomba aniachie spana yake kubwa. Akaniachia, nadhani kwa aibu.

Niling'oa matofali ya ubavuni mwa sinki, nikalala chali sakafuni, mimi na umri wangu huu. Nati iliyoshika bomba ilikuwa imeota kutu. Niliipaka mafuta ya taa, nikaipa siku nzima, ndipo ikakubali. Ringi ya mpira iliyokuwa ndani yake ilikuwa imekauka zamani, ikanivunjikia mkononi kama ganda la korosho iliyochomwa. Sokoni mwenye duka alinicheka, akasema saizi hiyo haiji tena. Basi nikachukua tyubu kuukuu ya pikipiki, nikakata ringi yangu mwenyewe kwa mkasi. Mara ya kwanza nilikaza kwa hasira, nilipojaza sinki kujaribu mpira ukachomoka pembeni, maji yote yakanimwagikia usoni. Nililia, sifichi. Kisha nikakata nyingine, nikakaza taratibu.

Jumamosi kaka alikuja na mnunuzi, akampeleka moja kwa moja bafuni, mama akisikia kutoka kwenye kiti chake mlangoni hapo.

"Ona mwenyewe. Mzee hawezi kuishi hivi."

Sinki nilikuwa nimelijaza maji ya moto. Nikazibua, nikaacha nusu yatoke mbele yao. Kaka akainama, akapitisha mkono chini ya bomba, akautazama. Mkavu.

"Litavuja tena," akasema.

"Nitalikaza tena."

Mama akajivuta, akasimama kwa kushika fremu ya mlango. Nikamshika kiuno.

"Baba, utatuwia radhi," akamwambia mnunuzi. "Nataka kuoga."

Mnunuzi akaomba samahani, akatoka haraka. Kaka akabaki amesimama kando ya sinki.

Mama hakumngoja. Alianza kufungua fundo la kanga yake, na mwanawe akatoka mbio.