Eliakim Nyangau alivyolifuata jua na redio mgongoni

Hii utasema nimetunga, na sitakulaumu. Hapa Nyaramba kuna mtu mwenye goti bovu alipanda mlima na redio mgongoni na jiko la makaa mkononi, akilifukuzia jua ili amalize kazi kabla halijazama. Na jua akalipata. Shida ilianzia hapo.

Saa tatu asubuhi, Jumapili, Eliakim Nyangau amechuchumaa kibarazani kwake, mguu mmoja ameunyoosha. Chuma chake cha kulehemu kimelala ndani ya makaa. Anakitoa, anakisogeza karibu na shavu bila kugusa, anakirudisha.

"Bado," anasema. "Shavu halidanganyi."

Saa nane leo anaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Wakiamua vibaya, jina lake linafutwa kwenye kitabu cha washiriki. Ukimwangalia mikono, huwezi kujua.

Kazi hii aliipatia jeshini Abisinia, kwa watu wa simu, kabla risasi haijamwingia gotini mwaka wa arobaini na moja. Redio yenyewe imemla miaka miwili. Taa zake mbili za ndani, zile valvu, zilitoka kwenye redio iliyokufa ya mwenye duka mmoja mjini Kisii. Spika ilikuwa imetafunwa na panya, akaishona kwa uzi. Ina viungo kumi na saba vya kulehemu, vyote vyake. Majirani walikuwa wakisema Nyangau amefunga sufuria na waya, sasa anangoja iongee.

Ilipoongea, wakaacha kucheka.

Sasa, jirani yake ni Orpah, Mama Ombui. Kijana wake Ombui yuko vitani, huko Burma, na mwaka mzima kijiji kimekuwa kikinong'ona kwamba alishakufa. Mashemeji wameanza hata kuchungulia shamba lake. Barua zinakuja, ndiyo, lakini Orpah hajui kusoma, na barua hazimtulizi.

"Barua anaweza kuandika mtu yeyote," anasema. "Sauti ya mtoto wangu nani ataiandika?"

Barua ya mwisho ndiyo ilileta moto. Ombui alisema wamemrekodi sauti, na itatolewa kwenye salamu za askari kutoka Nairobi, Ijumaa, saa moja kasorobo jioni. Mara moja tu.

Ukiwa Msabato unajua Ijumaa ni siku gani. Ni maandalio. Nyumba inafagiliwa, nguo zinafuliwa, chakula cha kesho kinapikwa, kwa sababu jua likizama hakuna kazi wala kuwasha moto mpaka jua la Jumamosi lizame. Orpah alifika kwa Nyangau tangu saa sita, kwa shukrani, akamsafishia nyumba yote. Akafuta meza, akafuta taa ya ukutani. Kisha akaona redio ina vumbi, nayo haikuwa na kifuniko.

Akaifuta ndani kwa kitambaa kibichi. Akaisugua vizuri, kama anavyosugua sufuria.

Saa kumi na moja na nusu Nyangau akaijaribu, haikutoa sauti. Akainama, akaona waya mmoja umeng'oka kabisa. Orpah akaangalia kitambaa mkononi mwake, akakaa chini.

Nyangau akachochea makaa, akaweka chuma. Lakini boma lake liko bondeni, na huko jua hujificha nyuma ya mlima mapema. Kanisa pia liko huko bondeni. Jua likiliacha paa la kanisa, Mzee Jeconia Angwenyi anagonga chuma cha jembe kilichoning'inizwa hapo nje, na Sabato imeingia. Kivuli kilikuwa tayari kimefika kwa ng'ombe, na chuma cha kulehemu hakijapata moto.

Nyangau akatazama juu. Kule kileleni majani bado yalikuwa ya manjano kwa jua.

Akafungua spika na betri, akaifunga redio mgongoni kwa shuka kama mtoto, akabeba jiko kwa mshikio wake. Upepo wa njiani ukawa unampulizia makaa. Mara mbili alianguka, na mara zote mbili akaangukia mkono mtupu, ili redio isiguse chini wala makaa yasimwagike.

Alipofika juu, jua likampiga usoni. Akaweka redio kwenye jiwe, akatoa chuma, akasogeza shavuni. Sasa tayari. Na wakati huohuo, kutoka bondeni, akasikia Mzee Jeconia akigonga. Nga. Nga. Nga.

Alisimama hapo na chuma cha moto mkononi. Anasema hakumbuki aliwaza nini, anakumbuka tu kwamba kivuli chake kilikuwa kirefu sana, na kwamba kilikuwepo.

Akalehemu.

Saa moja kasorobo alikuwa ameshashuka na kuirudishia spika na betri, na boma lilikuwa limejaa watu. Sauti za askari zikapita, wa Maseno, wa Machakos, wa Keumbu. Halafu: "Mama, ni mimi Ombui. Mimi ni mzima. Yule ndama mwenye doa msimuuze."

Orpah hakulia. Aliuliza tu, taratibu, kama mwingine angeweza kujua habari ya ndama mwenye doa.

Mzee Jeconia alikuwa amesimama nje ya ua, nyundo bado mkononi. Alingoja mpaka salamu zikaisha zote, ndipo akaingia.

"Nyangau, nilipogonga ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye jua, Mzee."

"Sabato haipandi mlima, mwanangu. Inakuingilia pale ilipo nyumba yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalomsumbua Nyangau zaidi. "Angenitukana ningejua la kufanya," anasema.

Kibarazani, Jumapili hii, chuma sasa kimeiva. Anachofunga leo ni bawaba za kifuniko cha bati, redio isifutwe tena ndani. Tumaini lake ni moja: Ombui akirudi, amkute kwenye benchi lake lilelile kanisani, la tatu kutoka mlangoni. Orpah ameshatuma neno kwa wazee kwamba wakimtoa Nyangau, watoe na kiti chake yeye.

Na wewe unayesoma, chukulia uko pale kileleni. Chuma kimeiva, jembe linagongwa chini, jua liko usoni mwako, na bondeni kuna mama anangoja. Ungefanyaje?