Chuo Nilichomchagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofika kidato cha nne hakuwa na simu, kwa hiyo shule ilipowasajili kwenye tovuti ya serikali ya kuchagua vyuo aliandika namba yangu. Baba alishafariki zamani. Mama hushika simu kana kwamba itamuuma. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya ofisi huko Embu, na meza, na mhuri. Angeandika namba ya nani tena? Tangu hapo, kila alipotaka kuingia kwenye ukurasa wake, namba ya siri ya tarakimu sita ilikuja kwenye simu yangu, nami nikamtumia.

Siku moja sikumtumia. Kosa langu ni hilo tu, na ningeweza kuishia hapa, lakini mimi nina mdomo, na mwenye kosa siku zote ana maelezo mengi.

Kwetu ni Meru, juu ya Laare, kwenye mashamba ya miraa, yale majani ya kutafuna. Kwa mila yetu mwanamke hapandi mti wa miraa wala hachumi, ni mwiko. Nadhani ndiyo sababu mimi nilisoma, kwa kuwa hapakuwa na mti wa kunivuta. Mvulana ni habari nyingine. Akiwa na miaka kumi na miwili, mwili wake mwepesi unafika kwenye matawi ambayo mtu mzima hafiki, na jioni ana pesa mfukoni. Wavulana wa darasa la saba la mdogo wangu niliwajua wote kwa majina. Waliofika kidato cha nne wangetosha kwenye benchi moja.

Yeye alifika kwa sababu nilimkalia. Kila likizo nilimleta Embu, nikamwekea vitabu mezani, nikamkaripia mpaka majirani wakanionea aibu. Akapata alama za kuingia chuo kikuu, kwa kugusa tu, kama mtu aliyeruka mfereji kisigino kikalowa. Nililia ofisini bila haya.

Akiwa bado shuleni, kwa maelekezo yangu, alikuwa amechagua shahada ya elimu katika chuo kikuu hapa Embu. Matokeo yalipotoka, tovuti ikafunguliwa kwa siku chache ili wanaotaka wabadilishe. Akanipigia kwa simu ya mama.

"Sista, nataka kubadilisha. Nataka ile ya magari. Ni diploma, iko kwa chuo cha ufundi hapa karibu na Meru."

"Diploma? Na umepata ya digrii?"

"Si lazima kila mtu akuwe mwalimu. Mimi napenda mashini, sista. Wewe unajua."

Nilijua. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya mama yote, akairudisha, zikabaki skrubu mbili mkononi, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Nilijua kabisa. Ila siku hiyo katika maneno yake yote mimi nilisikia "karibu na Meru" tu. Nilimwona Ijumaa yuko nyumbani, Jumamosi yuko juu ya mti, na kabla ya mwaka kwisha chuo kimekuwa hadithi. Nilitaka awe mbali na ile miti, awe chumbani kwangu, mahali nitakapomwona.

Siku ya mwisho alikuwa kwenye saiba pale Laare, duka la kompyuta za kulipia. Mimi nilikuwa mezani pangu, kama saa tano asubuhi. Ujumbe ukaingia. Halafu simu.

"Sista, code imekuja kwa simu yako? Nitumie haraka, kuna watu wanangoja hii kompyuta."

"Bado haijaingia."

"Wacha nijaribu tena."

Alijaribu mara tano. Namba zikajipanga kwenye simu yangu, tano, moja chini ya nyingine. Nikamwambia huku mtandao unasumbua. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anaongea kwa video na dada yake aliye Qatar, na sura ya yule dada ilikuwa safi kabisa, hata hereni zake nilikuwa naziona. Mara ya tano mdogo wangu alisema pole kwa kunisumbua kazini. Nikafuta zote.

Jioni akapiga tena. "Wamefunga. Lakini ni sawa, sista. Labda ni mapenzi ya Mungu." Nami nikaitikia amina. Hiyo amina inaniuma kuliko zile namba nilizofuta.

Barua ya chuo kikuu ilipotoka, mama alisimama kanisani kutoa shukrani. Watu wakapiga makofi, akina mama wakaimba, mchungaji akamwita mdogo wangu mbele akamwekea mikono. Alisimama pale ameinamisha kichwa. Nilijiambia ni unyenyekevu.

Akaja Embu na sanduku lake la bati. Nilikuwa na chumba kimoja na sebule, akalala sebuleni. Mimi mwenyewe nina cheti cha ukarani tu, lakini ushauri wangu ulikuwa wa profesa. Kaa mbele darasani. Jiunge na kikundi cha majadiliano. Wahadhiri wakujue kwa jina. Maktaba ni bure, itumie. Chuo hakimfuati mtu nyumbani, wewe ndiye wa kukifuata. Kila chakula cha jioni kilikuwa na hotuba, na yeye alimega mukimo taratibu na kusema, "Sawa, sista."

Nasema kweli, alijaribu. Majuma ya kwanza alisoma mpaka macho yakawa mekundu. Mwisho wa muhula alikaa kitini akashika kichwa.

"Hii kitu haiingii, sista. Nikisimama mbele ya watu sauti inakatika."

Wakati ule kulikuwa na nafasi ya kuhamia chuo kingine. Tangazo nilikuwa nimelisoma mwenyewe. Ningeweza kumwambia, na pengine mambo yangenyooka bila mtu yeyote kujua nililofanya. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Baada ya hapo hakulalamika tena. Asubuhi aliondoka na begi, jioni akarudi. Alianza kujifulia nguo mwenyewe, jambo lililonifurahisha sana, nikawasifia wenzangu ofisini jinsi chuo kinavyomkomaza kijana. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Nilipomuuliza, alisema anamsaidia rafiki yake kutengeneza bodaboda. Nilipouliza matokeo ya mitihani, alisema yamechelewa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua karatasi za watu na kuwarudisha kwa sababu ya mhuri mmoja uliokosekana, niliamini.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya mvua, simu ikalia ofisini.

"Madam, wewe ndiye sista ya fundi?"

"Fundi gani? Umekosea namba."

"Huyu kijana wa Meru. Kuja hospitali, madam. Gari imemwangukia mkono."

Nilimkuta mwenye gereji kwenye korido, mzee mwenye ovaroli, amevua kofia. Akanieleza. Walikuwa wameinua pikapu kwa jeki, na chini wameweka mawe. Ardhi ilikuwa imelowa, jeki ikateleza, na mdogo wangu alikuwa ameingiza mkono wa kulia kufungua nati. Alikuwa amefanya kazi pale mwaka mzima, kila siku. Nikaanza kumfokea yule mzee. Kwa nini mawe? Mtu ambaye hajafundishwa anaingizwaje chini ya gari? Akaniacha nimalize.

"Hata mimi sikusoma, madam," akasema. "Nilijifunza hivyo hivyo. Lakini huyo kijana ana kipawa. Nilimwambia aende college asomee hii kazi vizuri, na hizo safety wanafundishwa. Akasema alijaribu, system ikakataa."

Nikaketi kwenye benchi pale koridoni, na yule mzee, akidhani ni mshtuko tu, akaniletea maji.

Walimkata vidole vitatu, na viwili vilivyobaki havikunji. Nilimwona wodini siku iliyofuata, saa ya wageni, mkono umefungwa bandeji kubwa na kuwekwa juu ya mto. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha: siku ile namba zilifika, zote tano, na mimi ndiye niliyezifuta. Nilikuwa nayo mdomoni nilipovuta kiti.

Akatangulia yeye.

"Sista, kuna kitu nataka kukuambia, na usikasirike." Alikuwa anatazama blanketi. "Class niliacha kitambo, ile first year tu. Kila asubuhi nikitoka na begi nilikuwa naenda gereji. Nimekula chakula yako nikikudanganya. Mama akisali kwa simu nilikuwa nasikia vibaya sana." Machozi yakamtoka, akataka kuyafuta kwa ule mkono, akakumbuka. "Wewe umenifanyia mazuri tu. Nisamehe."

Nikamfuta uso kwa leso yangu. Nafasi ilikuwa pale, wazi kabisa, hata mtoto angeiona. Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa amelala, muuguzi alikuwa mbali, na yeye alikuwa ananitazama usoni akingoja jibu langu.

Nikamwambia nimemsamehe.

"Asante, sista," akasema, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu jeki iteleze akapata usingizi.