Mjukuu Wangu Alivyofukia Ngoro Zangu

Mjukuu wangu aliacha kazi ya ofisini mjini, akaja kujenga kibanda cha udongo kwenye mteremko wangu hapa Mbinga. Alisema amechoka kukimbizana na saa. Nilifurahi, nikampa pembe ya juu ya shamba la mahindi.

Nikaenda msibani Kingerikiti siku tatu. Kurudi, nakuta ngoro zangu zimefukiwa! Ngoro ni mashimo tunayochimba sisi Wamatengo mlimani ili maji ya mvua yatulie humo, udongo usikimbilie bondeni. Yeye kasawazisha apate uwanja wa kukaa na kutazama milima.

"Shikamoo Bibi. Umeona palivyopendeza?"

"Shikamoo yako kaa nayo! Nani kakutuma?"

"Nilidhani ni mashimo tu, Bibi."

"Tu? Nimechimba tangu niolewe, mgongo umepinda, unaniambia tu? Mume gani wewe, unamfilisi mkeo!"

Jirani aliyekuwa akipita njiani alicheka. Mimi sikucheka, maana wingu lilishakaa mlimani. Nilimtupia mjukuu jembe. Tukafyeka nyasi, tukazipanga miraba, tukachimba katikati na kuzifunika kwa udongo, huku namtukana. Mikono yake ikatoka malengelenge.

Mvua ilitukuta nusu ya kazi. Pale tulipokwisha chimba palishika maji. Pengine pote udongo uliteremka mtoni, udongo mweusi ulionisomeshea watoto, na sasa mahindi ya hapo yamedumaa, majani ya njano.

Kibanda amemaliza, anaishi humo taratibu kama alivyotaka. Kila Jumapili baada ya misa ananikaribisha chai. Sijaenda.