Gauni la Mtu Aliyehamishwa

Shangazi yangu hajawahi kushika kisu cha upasuaji, lakini katika hospitali anayofanya kazi hakuna tumbo linalofunguliwa bila yeye kuridhia. Daktari akifika asubuhi, kabla ya kuuliza mgonjwa ameamkaje, anachungulia kamba za nguo dirishani na kusema, "Mama Kamba, kumekauka?" Akijibiwa ndiyo, watu wananawa mikono. Akijibiwa bado, mgonjwa anaambiwa asile, asinywe, asubiri. Maskini anadhani anamsubiri daktari, kumbe anasubiri jua.

Hilo jina la Mama Kamba alipewa kazini, analo mwaka wa kumi na tisa, na siku hizi ukimwita kwa lile la wazazi wake anageuka kutazama nani kaitwa. Anafua nguo za chumba cha upasuaji: gauni, shuka za kijani, taulo, vitambaa vya kutandika meza ya vifaa. Mashine ya kufulia ipo, tena kubwa, ya msaada, waliileta watu waliopiga nayo picha wakaondoka. Ilitaka umeme wa nguvu ambao hospitali haina, na msukumo wa maji ambao mji mzima hauna. Sasa ni kabati la sabuni. Shangazi anafulia kwenye masinki ya saruji, kwa glavu nzito zinazovuja kidole gumba. Dawa ya kuua vijidudu imemla kucha. Ukimpa mkono kumsalimia, unahisi umeshikana na brashi.

Kwa maandishi, seti za nguo za upasuaji ni tatu. Kwa macho ni mbili, maana ya tatu iliazimwa na kituo cha jirani, na anayejua itarudi lini ni huyo aliyeiazima.

Siku ninayoisimulia, mvua ilikuwa na siku nne mfululizo, kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Umeme ulikatika tangu jana yake. Jenereta ilikuwa na nguvu ya kubeba taa ya upasuaji na mashine ya kunyonya damu, basi. Ukichomeka pasi inazima vyote. Alfajiri seti ya kwanza ilitumika kwa mzee mmoja aliyetoboka utumbo, ikarudi katika hali ambayo sitaieleza, huenda unasoma huku unakula. Ikazamishwa kwenye pipa la dawa. Seti ya pili ilikuwa imetundikwa ndani, kwenye korido ya kufulia, mbichi.

Saa tatu asubuhi akaletwa mwanamke wa uzazi wa kwanza. Alikuwa na uchungu tangu juzi, na mtoto amekwama. Mkunga alimpima akatoka akisema hapo hapapiti kitu, ni kisu tu. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa chini ya maji. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lakini haliogelei.

Sista wa chumba cha upasuaji akazikusanya nguo za seti ya pili kutoka kwenye kamba. Shangazi alimwambia hazijakauka. Alisema kwa sauti ya mfuaji, na sauti ya mfuaji hospitalini ni sawa na ya feni: inasikika, haisikilizwi. Sista akazifunga zote, vipande kumi na vinne kama orodha iliyobandikwa ukutani inavyoagiza, akaziingiza kwenye mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Wenyewe wanaiita Sufuria, na hawakukosea: ni sufuria kubwa ya chuma, mfuniko wa skrubu, juu ya jiko la gesi.

Saa nne na robo furushi likatolewa. Sista akaligusa upande. Lilikuwa na unyevu.

Hapo pana jambo lazima ulijue. Furushi likitoka na unyevu, hata kama limechemka mpaka likasahau jina lake, limeshaharibika. Kitambaa kibichi ni mlango usio na mlinzi. Vijidudu vya mikononi na hewani vinapita humo vikienda moja kwa moja kwenye kidonda. Lazima urudie kazi mwanzo. Na mtungi wa gesi, mtunza stoo alipoutikisa, ulikuwa umebakiwa na mzunguko mmoja, labda.

Mkunga akatokea mlangoni kusema mapigo ya moyo wa mtoto yamefika mia na nane. Nusu saa nyuma yalikuwa mia na thelathini.

Daktari alikuwa kijana, hajalala, na ndevu zimemwota upande mmoja kuliko mwingine. Alilishika lile furushi, akalipima kwa kiganja kama mtu anayenunua papai. Kisha, badala ya kumtazama Sista, akamtazama shangazi.

"Mama Kamba, huu si unyevu mdogo tu? Tutumie?"

Shangazi anasema alijua anachoombwa. Hakuombwa ushauri, aliombwa awe mwenzi katika kosa. Na si mara ya kwanza. Miaka kumi na mmoja iliyopita daktari mwingine alimuuliza hivyo hivyo, siku ya mawingu kama ile, naye akajibu, "Kidogo tu." Msichana yule alishonwa vizuri kabisa. Siku ya tano kidonda kikafumuka kwa usaha, siku ya tisa kitanda chake kikatandikiwa mgonjwa mwingine. Wakaandika maambukizi. Hakuna aliyekuja korido ya kufulia kuuliza chochote, kwa kuwa hakuna anayemuuliza mfuaji kuhusu kifo. Shangazi ndiye aliyejiuliza, na bado anajiuliza.

"Hapana," akasema.

"Basi nifanyeje?"

"Nipe muda nizikaushe kwa pasi za makaa."

"Mimi ninao muda. Mtoto hana."

Shangazi akachukua furushi akaondoka nalo, mtu mzima hakimbii lakini alikuwa karibu. Korido ya kufulia ina pasi mbili za makaa, za zamani, moja mkono wake umefungwa kwa waya. Akawasha jiko, akatandaza nguo mezani, akaanza na gauni. Kupiga pasi gauni moja lililolowa mpaka likauke kabisa ni dakika nne au tano. Vipande kumi na vinne, baadhi vikubwa kama pazia la ukumbi, ni zaidi ya saa nzima. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Alikuwa kwenye gauni la pili pale mama mmoja aliyelowa mpaka kilemba alipojitokeza mlangoni. Alikuwa mama mkwe wa yule mzazi, anazunguka kumtafuta yeyote mwenye sare.

"Mkwe wangu anakufa mle ndani," akasema polepole, "na wewe huku unapiga pasi. Kuna harusi?"

Wapo ambao wangejibu. Shangazi alimkabidhi kipande cha boksi la glavu, akamwonyesha jiko, akamwambia apepee makaa bila kuacha, maana nguo anazozipiga pasi ndizo atakazofunikwa mkwewe akipasuliwa, na zikiwa mbichi zitamuua baadaye. Mama mkwe akatazama boksi, akatazama nguo. Akachuchumaa, akapepea kama mtu mwenye ugomvi na moto.

Kisha shangazi akalivuta gauni la tatu, na mkono ukasimama.

Lilikuwa zuri mno. Yale mawili ya kwanza yalikuwa yamepauka, kifuani yana kivuli cha kahawia ambacho hakuna sabuni iliyowahi kukiweza, mikono imetiwa viraka. Hili la tatu lilikuwa kijani kibichi kama siku liliposhonwa. Amelifua mamia ya mara, kwa kuwa likifunguliwa kutoka kwenye furushi lazima lifuliwe, na hajawahi kuliona na tone la damu. Miaka minne, tangu seti ishonwe. Akaanza kuzipekua zingine kwa haraka: shuka hili linarudi limelowa kila mara, hili halijawahi. Kitambaa hiki kimechakaa, hiki bado kizima kama cha dukani. Alipomaliza alikuwa na mafungu mawili mezani, saba kwa saba.

Akalichukua lile gauni jipya, akamwachia mama mkwe makaa, akaenda mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari na Sista walikuwa wakimwandaa mgonjwa.

"Sista, hili anavaa nani?"

"Msaidizi wa pili," Sista akajibu bila kugeuka.

"Yuko wapi?"

Sista akageuka. Msaidizi wa pili alihamishwa miaka minne iliyopita, akaahidiwa mwingine, na mwingine huyo bado yuko kwenye barua. Shangazi hakungoja jibu, akaendelea kuonyesha. Shuka mbili zile ni za meza ya pili ya vifaa, na meza ya pili ya vifaa haipo tangu vifaa vyake viliposhikwa na kutu. Shuka lile refu ni la miguuni, la kitanda cha zamani kilichokuwa na kipande cha mbele. Taulo ile, vitambaa vile viwili, vyote vya watu na vitu vilivyokwisha kuondoka. Orodha ya ukutani iliandikwa wakati hospitali ilikuwa na watu. Watu waliondoka mmoja mmoja, orodha ikabaki, naye amekuwa akiwafulia.

"Orodha imesainiwa," Sista akasema.

"Na aliyesaini?"

"Kastaafu."

"Basi hatatuona."

Sista si mtu mbaya, na wasiwasi wake haukuwa wa kijinga. Alimsogelea shangazi karibu kabisa. "Kikipungua kitambaa tumbo likiwa wazi, nikimbilie wapi? Kwako, kwenye kamba?"

"Damu yenu ninaifua mimi," shangazi akasema. "Ninajua inafika wapi, na ninajua inaishia wapi."

Mkunga, akiwa ameinama tumboni kwa mgonjwa, akasema bila kuinua kichwa: "Tisini na sita."

Daktari akasema vipande saba vinatosha.

Vilivyobaki kwenye lile fungu vilikuwa vitano. Shangazi alishika pasi moja, Sista mwenyewe akashika ile yenye waya, mama mkwe akapepea mpaka majivu yakamjaa kwenye nyusi. Kitambaa cha kufungia kikapigwa pasi cha mwisho. Safari hii furushi lilikuwa dogo, limekunjwa kwa kulegea, mvuke upate pa kuingilia na pa kutokea. Saa tano kasoro kumi likaingia kwenye Sufuria.

Dakika thelathini za kuchemka, kumi na tano za kukausha. Shangazi alisimama karibu na mtungi akiusikiliza. Ndani walimaliza kila kitu kinachoweza kumalizwa bila nguo: dripu, sindano ya ganzi ya mgongo iliyobaki tayari kwenye trei, tumbo likapakwa dawa. Mkunga alikuwa akitoa namba kupitia mlangoni. Tisini na mbili. Tisini na nne, watu wakapumua. Themanini na nane.

Dakika ya ishirini na saba moto ukaanza kuruka. Mtunza stoo akaulaza mtungi ubavu, ukarudi. Thelathini ikatimia. Akafungua valvu mvuke ukatoka ukipiga mluzi, wakaanza kukausha, na dakika ya tisa ya kukausha moto ukajizimia wenyewe, kimya kimya, kama mzee aliyesinzia. Sista akataka kufungua. Shangazi akamshika mkono: chuma bado kina moto, kiache kifanye kazi. Mfuniko ukalegezwa kidogo, wakasubiri dakika sita zilizobaki wakitazama saa ya ukutani. Namba ilisema themanini na moja.

Sista alilibeba furushi kwa koleo, akaingia nalo, mlango ukafungwa.

Korido nzima ikabaki na wanawake wawili wenye majivu. Mama mkwe aliuliza kama sasa ni kusubiri tu. Shangazi akasema ndiyo. Baadaye wakasikia kitu cha chuma kikiwekwa kwenye trei, halafu sauti ya daktari ikiomba kunyonya, kunyonya. Halafu kimya kirefu, cha aina ile ambayo watu wa hospitali wanaijua na hawaipendi. Mama mkwe alimshika shangazi kile kidole gumba chenye vidonda, akakibana, naye hakukitoa.

Kisha kilio. Chembamba, chenye mikwaruzo, kama bawaba isiyo na mafuta, lakini kilio.

Mama mkwe akakaa chini pale pale kwenye maji. Mkunga alitoka akicheka na kulia. Daktari alipotoka alimwambia shangazi kwamba hakuna kilichopungua, hata kimoja. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaenda kuzitoa nguo za alfajiri kwenye pipa la dawa. Wenzake wakasema ana moyo mgumu. Moyo ulikuwa laini mno. Ila mtihani wake haukuwa umefika. Daktari anafaulu au kufeli mezani. Mfuaji majibu yake hutoka siku ya tano.

Siku ya pili alipita wodi ya wazazi akijifanya anatafuta ndoo. Siku ya tatu mganga mkuu alikuwa ameshagundua kwamba ukitoa vile vipande vya watu wasiokuwepo, seti mbili zinazaa ya tatu bila kununua hata uzi, akaandika kwenye ripoti kwamba uwezo wa upasuaji umeongezeka kwa asilimia hamsini. Ombi la mfuaji wa pili, lililopelekwa mara mbili, halikutajwa. Siku ya nne mzazi alikuwa na joto jioni, shangazi akaambiwa ni maziwa yanajaa, akasema sawa, akarudi nyumbani, hakula.

Siku ya tano alifika kabla ya muuguzi wa kubadilisha bandeji. Akasimama miguuni mwa kitanda, glavu zikiwa bado mkononi. Mzazi alimuuliza yeye ni nani, akasema anafua. Mama mkwe akataka kueleza zaidi, shangazi akamwashiria aache. Muuguzi akamwagia maji ya chumvi, akabandua plasta taratibu, tabaka la kwanza, la pili. La mwisho lilikuwa jeupe. Mshono ulikuwa mstari mmoja mwembamba, mkavu, ngozi imeshikana na ngozi. Muuguzi akainama akanusa, akasema safi, akafungua bandeji mpya.

Shangazi alitoka nje bila kuaga. Kwenye korido akakaa kwenye ncha ya benchi refu la wagonjwa wa nje, akafunika uso kwa mikono yake ile ya brashi. Baba mmoja aliyekuwa hapo tangu saa kumi na mbili, kadi mkononi, akamgusa bega kwa heshima zote.

"Samahani mama, foleni inaanzia kule nyuma."

Shangazi akafuta macho, akamwomba radhi, akainuka kumpisha.