Kutafuna Bila Kumeza

Mpika sabuni alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipokunywa kutoka kwenye kopo lisilo lake. Alidhani ni maji. Yalikuwa maji ya kostiki, dawa kali ya kutengenezea sabuni. Aliyatema, lakini funda moja lilikuwa limeshapita. Koo liliungua, na kidonda kilipopona kikaliziba kabisa. Madaktari walimtoboa tumbo, wakamwekea mpira, na tangu hapo mkewe akawa anammiminia humo uji, maziwa na supu.

Chakula hakikumkaa. Tumbo lilijaa gesi, choo kikawa cha mafuta mafuta, suruali zikampwaya. Wenzake wakila mezani, yeye alilishwa chumbani, asije akatamani.

Miezi ikapita hivyo. Kisha akaanza kupitia jikoni kabla ya kulishwa. Alichukua kipande cha nyama, akakitafuna mpaka utamu ukaisha, akakitema kwenye bakuli. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, akamfuma.

"Baba, chakula hakichezewi," alisema huku ametazama ukutani.

"Sichezi, mama. Naonja tu."

Mama mkwe akamshtakia binti yake, na binti akampeleka mumewe kliniki ili aonywe. Bibi lishe, mshauri wa chakula wa pale, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ukitafuna hivyo, tumbo likoje?"

"Afadhali kidogo," alijibu mpika sabuni. "Nilidhani ni mawazo yangu."

"Si mawazo. Pua ikinusa na ulimi ukionja, ubongo hupeleka habari kwa mshipa wa fahamu unaoshuka mpaka tumboni. Kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo, huanza kutoa maji ya kusagia chakula hata kabla hakijafika. Bila habari hiyo bado itafanya kazi, ila kwa kuchelewa na kwa uchache."

Mke alimgeukia mumewe. "Kumbe tulikuwa tunaingia bila kupiga hodi."

"Basi pigeni. Atafune kwanza, ateme, ndipo umlishe."

Mpika sabuni alirudi mezani na bakuli lake lenye kifuniko. Baada ya miezi mitatu aliongezeka kilo nne, akarudi kazini nusu siku. Maharage bado yalimsumbua. Mama mkwe hakuwahi kumtazama akitema, lakini alizoea kumsogezea sahani ya kwanza na kumuuliza kama chumvi imekolea.

"Imezidi kidogo, mama," alikuwa akijibu, na wengine wakaanza kula.