Punje za Komamanga kwenye Kikapu cha Kahawa

Mama alipopungukiwa damu, ngozi yake ilipauka mpaka viganja vikawa kama karatasi. Watu waliniambia komamanga linaongeza damu na kulainisha ngozi. Basi, pamoja na dawa za hospitali, kila Jumamosi nilinunua matatu sokoni Nkwenda nikampelekea nyumbani kwake Kimuli. Nilimenya mwenyewe, nikazijaza punje nyekundu kwenye kikapu kidogo kando ya kitanda chake. Kilikuwa kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta.

Kila niliporudi nilikikuta kitupu. "Nimekula, mwanangu," alisema, nami nikaamini kama mjinga. Viganja havikubadilika. Nikawalaumu wauzaji, nikalilaumu tunda lenyewe, kisha nikaanza kununua manne.

Tulimzika migombani, nyuma ya nyumba. Baada ya mazishi, jirani mmoja aliyekuwa akija kumjulia hali karibu kila siku alinishika mkono.

"Mama yako alikuwa na moyo wa kutoa," alisema. "Kahawa ilikwisha, lakini hakukubali mgeni aondoke bila kutafuna kitu. Alitukaribisha zile punje mpaka ya mwisho, yeye anatuangalia tu. Tamu kweli. Na kwa ngozi, tunda lile halina mfano."

Nilitaka kumtukana. Nikainua macho nimtazame usoni kwanza. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa.