Taa za Kaskazini na Sala ya Baba

Mama yangu hapandi ndege. Alipanda mara moja, alipoletwa Oman kutoka Unguja akiwa msichana, akatapika njia nzima na kuapa kuwa basi. Tangu hapo safari yake ndefu ni ya gari, kutoka Nizwa hadi Sur kwa dada yake, na hata hiyo huilalamikia.

Baba naye, tangu astaafu, alishikwa na hamu ya taa za kaskazini, zile rangi zinazotembea angani huko Norwei. Hakutaka kuziona peke yake. Alitaka Mama awe ubavuni mwake. Alimbembeleza mpaka Mama akachoka. "Niletee picha," akamwambia. "Ikinipendeza, tutazungumza."

Basi Baba akanichukua mimi, binti yake mwenye kamera, na picha hiyo ikawa kama posa ya pili. Kabla ya safari alinipeleka njia ya Firq, nje kidogo ya Nizwa, nijizoeze gizani kwa kupiga picha taa za magereji. Kila picha aliitia kasoro.

Huko Norwei tulikuta mawingu matupu. Jioni ya mwisho ndipo yalipofunguka, na utepe wa kijani ukajinyoosha juu ya mlima. Nikasimamisha kamera upesi. Baba alitazama kidogo tu, akasema "Subhanallah," kisha akanishika mkono.

"Iwache hiyo. Jua likipatwa tunasali, mwezi ukipatwa tunasali. Na hii jee? Sala kwanza, mwanangu, picha baadaye."

Sala fupi za Baba nazijua, na hii haikuwamo. Alichagua sura ndefu, akaisoma polepole kwenye baridi ile kana kwamba tuko sebuleni. Mimi nyuma yake nilikasirika, nasema kweli. Macho yangu niliyaweka mahali pa kusujudia, kama nilivyofunzwa. Theluji pale ikawa kijani, ikaingia zambarau, ikarudi kijani, nami sikuinua kichwa. Tulipotoa salamu, juu zilibaki nyota tu.

Nyumbani Mama alikwishatandika halwa na kahawa. "Haya, picha."

Nikamwonyesha niliyokuwa nayo: Baba ndani ya koti lake, kama godoro lililofungwa kamba.

"Na taa?"

Baba akamweleza yote, sauti ikizidi kushuka. Nilimhurumia. Safari nzima ilikuwa kwa ajili ya picha ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyeizuia.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. "Mmekwenda mpaka mwisho wa dunia, mkatazama chini."

Akammiminia kahawa, akamsogezea kikombe.

"Mwakani nakwenda na wewe," akasema. "Wewe utasali, mie nitatazama, halafu nitakuhadithia."

Baba akakiinamia kikombe kwa muda mrefu, asionekane uso. Kahawa hakuinywa.